Bakuli la Somanga

Tulitoka Mbagala alfajiri ya Jumapili, tarehe 5 Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeipiga pwani Jumamosi, usiku kikapungua nguvu, nasi tukadhani yamekwisha. Mimi nilikuwa nakwenda Lindi kumwona mama. Aliugua ghafla, na kila simu iliyoingia wiki ile ilinishtua.

Masika ya mwaka ule yalituumiza. Mwezi wa Aprili Waziri Mkuu Majaliwa alikuwa amelieleza Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mvua na mafuriko nchini. Tulipokuwa tunavuka Daraja la Mkapa, basi zima lilinyamaza. Rufiji ilikuwa imetapakaa huku na huku, na penye mashamba ilionekana miembe tu, imezama hadi kifuani. Mzee niliyekaa naye alinyoosha kidole dirishani. "Mpunga wangu ulikuwa upande ule," akasema, akarudisha mkono mapajani.

Somanga tulikuta foleni ya malori na mabasi. Konda alishuka kuuliza, akarudi ameloa hadi magotini. "Jamani, barabara hakuna." Tukaenda kuangalia wenyewe. Lami ilikuwa imekatika, na pale ilipokuwa ikipita palikuwa na mto mwekundu unaovuma. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikaa chini palepale kwenye tope.

Nisiseme uongo, maji ya chupa yalipanda bei saa ileile, na wapo waliokodisha mikeka. Lakini mvua iliporudi jioni, yule mzee aliyepoteza mpunga wake alimpisha mama mwenye mtoto, akampa viti vyote viwili, vyetu mimi na yeye, kisha akanitazama kama anayeomba radhi. Tulikesha tumekaa juu ya mabegi, na kila nilipozinduka nilimkuta macho, ameushika mguu wa yule mtoto usining'inie.

Simu yangu ilizima asubuhi. Kijana wa bodaboda aliniona nikiibonyeza bure, akanipa yake. Nikamwambia nitamlipia vocha. "Dada, ongea kwanza na mama." Akageuka akaenda kusimama mbali, chini ya mkorosho, mpaka nikamaliza. Sikuwahi kumuuliza jina.

Mchana njaa ilishika kweli. Wanaopita barabara ya Kusini wanawajua wauza samaki wa Somanga, wanaokimbilia madirisha na masinia yao. Siku ile mmoja wao, mama wa makamo aliyejitanda kanga iliyochuja, alikuja na sufuria ya wali na mchuzi wa samaki, akaanza kupakua bila kutaja bei. Sahani zilipokwisha aliingia ndani akatoka na bakuli la plastiki la buluu. Ukingo wake ulikuwa na ufa mrefu, umeshonwa kwa uzi wa nyavu, pindo baada ya pindo, kama mtu anavyoshona shati la mwanawe. Akanijazia. Nilipotoa noti akaifunika kwa kiganja changu mwenyewe.

"Hela ya mtu aliyekwama mimi siili. Utanunulia maji."

Wali ulikuwa na mchanga kidogo. Niliula wote.

Kutwa kucha malori yalimwaga mawe pale palipokatika. Siku njia ilipofunguka, konda alipiga kelele, tukakimbilia basi kwa hofu ya kuachwa. Tulishavuka ndipo nilipogundua kwamba nimelishika lile bakuli mkononi.

Mama alipata nafuu, Mungu ni mwema. Alipolisikia la bakuli alinigombeza. Siku naondoka alilisugua mwenyewe kwa majivu, akalijaza korosho. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu.

Basi liliposimama Somanga nilishuka mbio. Nilimkuta mahali pake, sinia kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba kwa uso wa mtu asiyenijua. Nikamkumbusha mvua, wali, ile noti. Alicheka tu, akasema watu walikuwa wengi mno mwanangu. Kisha akaliona bakuli. Alilichukua taratibu, akapitisha kidole gumba kwenye zile pindo za uzi. "Mshono wa baba watoto huu," akasema. "Nikajua limekwenda na maji."

Akazimimina korosho kwenye kanga yake, akafunga fundo. Nikadhani tumemalizana. Honi ilikuwa imeshaanza kulia. Akashusha sinia, akachagua changu wawili wakubwa wa kukaanga, akawalaza ndani ya bakuli na ndimu moja juu, akanirudishia mikononi.

"Mama, na chombo chako je?"

"Si utapita tena?"

Sasa liko jikoni kwangu, Mbagala. Mwezi ujao nakwenda Lindi, na sukari ya kulijaza nimeshanunua.