Maji Yamekupwa Miyajima

Wakala aliyetuuzia safari alitutamanisha kwa picha ya lango jekundu linaloelea baharini. Tulipofika kisiwa cha Miyajima saa nne asubuhi, lango limesimama kwenye tope, watu wanapita chini yake viatu mkononi. Mtu wa Makunduchi, Unguja, asafirishwe mpaka Japani kutazama bahari iliyokupwa, tena kwa pesa zile! Hata wachokoa kombe walikuwepo, wameinama na ndoo zao kama kwetu, ila hawa wamevaa mabuti ya mpira.

Juu ya hayo, yeni 100 kodi ya mgeni, yeni 300 kiingilio cha hekalu lenye lango hilo. Wenzangu wakakimbilia chaza wa kuchoma, bei usiniulize. Mimi nikabaki kungoja maji yajae, na mzee mmoja wa kujitolea, beji shingoni, Kiingereza cha kupapasa, akanijia akauliza kama namjua Kiyomori.

Simjui. Basi akaketi.

Taira no Kiyomori alizaliwa 1118, zama ambazo samurai walikuwa walinzi tu wa wakubwa wa Kyoto. Mwaka 1146 akapewa ugavana wa Aki, jimbo hili hili, akalipenda hekalu hili, Itsukushima. Baada ya mapigano ya 1156 na 1160 hapakuwa tena na wa kumgusa. Mwaka 1167 akapanda hadi uwaziri mkuu, samurai wa kwanza kufika hapo, na binti yake akaolewa na mfalme. Hekalu alilijenga upya mnamo 1168, juu ya nguzo, pale maji yanapofika, kwa sababu ardhi yenyewe ya kisiwa ilihesabiwa takatifu.

Mzee akaniinamisha nitazame sakafu. Mbao zimeachiwa nafasi baina yake, ili bamvua likija maji yapenye juu badala ya kuzing'oa. Fundi yule nilimvulia kofia. Kwetu hoteli zinajengewa kuta za saruji zipigane na bahari, na kuta zinalala chini.

Kilichonichoma ni habari ya Yoritomo. Alikuwa mvulana wa ukoo wa Minamoto, ukoo ulioshindwa 1160, na kisu kilikwisha nolewa. Mama wa kambo wa Kiyomori akamwombea, akapelekwa uhamishoni Izu. Akakulia huko. Mwaka 1180 akainua silaha. Kiyomori akafa kwa homa 1181, na 1185 ukoo wake ukamalizwa baharini, Dan-no-ura. Mjukuu wake, mfalme wa miaka 6, alizama siku hiyo. Masimulizi yanasema bibi yake alijitupa naye majini.

Nikamuuliza mzee: ungekuwa wewe Kiyomori, ungemwacha hai yule mvulana Yoritomo? Akafikiri mno, kisha akanijibu kuwa yeye ni mstaafu wa posta.

Nami nikampa ya kwetu. Kiyomori aliitengeneza bandari ya Owada, ndani ya Kobe ya leo, ili ipokee merikebu za China ya enzi ya Song, na sarafu za shaba za Song zikamiminika Japani. Sarafu za enzi hiyo hiyo zimefukuliwa Kajengwa, kwetu Makunduchi. Mzee akatoa kidaftari, akanitamkisha jina mara mbili akiliandika, akauliza kama huko nako kuna kiingilio.

Nikamwambia aje tu, nitampeleka mwenyewe.