Siku moja maishani mwangu: asubuhi dereva wa basi la shule, usiku mgawaji wa wajumbe

Saa kumi na nusu alfajiri, Jumatatu ya tarehe 1 Februari 2016, niliamka hapa Des Moines, Iowa, nikanywa chai ya rangi nikiwa nimesimama, nikaenda kuwasha basi la shule. Watoto niliwapeleka, nikalala kidogo, saa nane mchana nikawarudisha. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikinilipa. Ninayotaka kuwasimulia haikunilipa hata senti moja: jioni ile nilikuwa mwenyekiti wa muda wa kituo katika mchujo wa urais wa chama cha Democratic.

Kazi yenyewe siku hizi haipo kama nilivyoifanya. Mwaka 2024 wapigakura wa chama hapa Iowa walijaza kadi na kuzirudisha kwa posta. Lakini ndugu zangu wa Tanga mpaka leo wananiuliza, "Nyie huko mnahesabu kura au mnahesabu nini?" Jamani, tulihesabu watu. Halafu wale watu ikabidi tuwageuze kuwa wajumbe, yaani wawakilishi wa kila mgombea kwenye mikutano ya chama ya kumpata mgombea urais, na hapo katikati ndipo nilipokuwa nimesimama mimi na kikokotoo changu.

Saa kumi na moja na nusu jioni nilikuwa ukumbini, kwenye ukumbi wa michezo wa shule, napiga selotepu sakafuni. Kila mgombea na kona yake: moja Hillary Clinton, nyingine Bernie Sanders, nyingine Martin O'Malley, na katikati wale ambao hawajaamua. Ubaoni niliandika namba moja kubwa: 7. Hao ndio wajumbe ambao kituo chetu kingepeleka kwenye mkutano wa kaunti. Saba hiyo chama kilishaipanga kwa kuangalia kura zake kituoni katika chaguzi mbili zilizotangulia, wa rais mwaka 2012 na wa gavana mwaka 2014. Tungekuja hamsini, tungekuja mia tano, ni saba tu.

Saa kumi na mbili foleni ilishatoka nje hadi kwenye maegesho. Fomu za kujiandikisha zikaisha, tukatoa kopi. Mama mmoja wa Bukavu, ndiyo kwanza amepata uraia, aliponisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu akanishika mkono. "Mwanangu, karatasi ya kura iko wapi?"

"Hakuna karatasi, mama. Wenzetu wa Republican usiku huu wanaandika kwa siri. Sisi unasimama kwenye kona ya mtu wako."

"Na jirani ataniona?"

"Atakuona, mama."

Akakaa kimya kidogo, akafunga kitambaa chake vizuri, akaenda kusimama. Sitasema alisimama wapi.

Saa moja kamili usiku nilifunga foleni. Majina kwenye daftari: 214. Ili kundi lihesabiwe lazima lifikishe asilimia 15 ya waliohudhuria. Asilimia 15 ya 214 ni 32.1, na hapo unapanda juu tu: 33. Hesabu ya kwanza ilikuwa hivi: Clinton 97, Sanders 94, O'Malley 9, wasioamua 14. Makundi mawili ya mwisho hayakufika, kwa hiyo watu 23 walikuwa huru kuhamia kona nyingine, kushawishi wengine wawafuate, au kwenda zao nyumbani. Nikatoa nusu saa. Wale tisa wa O'Malley walibembelezwa kama maharusi. Hakuna aliyejua kwamba usiku huohuo mtu wao angetangaza kujitoa.

Tukahesabu tena. Clinton 106. Sanders 106. Jumla 212. Wawili hawakuonekana.

Hapo saa nikaacha kuitazama.

Hesabu ni hii: watu wa kundi mara wajumbe, gawanya kwa waliohudhuria. Ile 214 haibadiliki hata watu wakiondoka. 106 mara 7 ni 742. Gawanya kwa 214, unapata 3.467. Namba nzima iliyo karibu ni tatu. Tatu huku, tatu kule, sita. Mjumbe wa saba hana mwenyewe. Kanuni ilisema aende kwa kundi lenye desimali kubwa zaidi, na desimali zilikuwa sawa.

Bwana mmoja mwenye koti la kijani akaja hadi mezani. Akasema mmoja wa wale wawili ni mke wake, amempeleka mtoto nyumbani kulala, nimhesabu. Nikamwambia haiwezekani, anahesabiwa aliyesimama ukumbini. Akaniomba kikokotoo, akapiga mwenyewe: 107 mara 7, gawanya kwa 214. Ikatoka 3.5 kamili, inayopanda kuwa nne. Akakigeuza ili nione, kidole chake kikitetemeka juu ya kioo. Mke wake peke yake ndiye aliyekuwa yule mjumbe wa saba.

Nilimwelewa, naapa. Kutoka nyumbani kwao hadi shuleni ni dakika ishirini, na tayari watu walikuwa wanavaa makoti. Akataka tuhesabu upya. Tukahesabu upya: kila mtu ananyoosha mkono, anataja namba yake kwa sauti, anashusha. Moja, mbili, tatu, hadi mia na sita, kona zote mbili. Akasema kuna mtu kule kataja mara mbili. Tukarudia. Ikatoka ileile. Akataka mara ya tatu; watu wa kona yake mwenyewe wakaanza kuguna. Ndipo akanitazama usoni, akaniuliza kwa sauti ya kusikika na ukumbi mzima, "Wewe unatoka wapi?"

Nilikuwa macho tangu alfajiri, mgongo unauma. Nikamjibu natoka mtaa wa tatu kutoka hapa, na mwanao nadhani nampeleka shule mimi. Kisha nikafungua kitabu cha kanuni, nikamsomea ukurasa wote polepole, kona zote zikisikiliza. Hesabu kama ile haifai kufanyiwa mezani kwa kunong'ona. Anayeshindwa lazima aone kila namba ilikotoka.

Kanuni ikasema: sarafu. Nikatoa ya senti 25, nikaionyesha pande zote, nikairusha. Ikadunda kwenye mbao za uwanja, ikazunguka, ikalala.

Kundi lake ndilo lililoshinda. Hakufurahi. Alisema mjumbe hapaswi kupatikana kwa sarafu, na hapo sikuwa na la kumjibu. Nikaripoti nne na tatu. Zile 106 kwa 106 hazikutoka nje ya ukumbi ule, kwa sababu mwaka ule chama kilikuwa hakitangazi idadi ya vichwa. Kutoka vituoni watu walichujwa tena kwenye mikutano ya kaunti, ya majimbo ya bunge na ya jimbo zima, hadi mkutano mkuu wa chama wa taifa, Philadelphia, mwezi Julai. Katika wajumbe 44 waliotokana na mchujo wa Iowa, Clinton alipata 23, Sanders 21.

Kilichobaki ni majina. Saba tu, wa kwenda mkutano wa kaunti Jumamosi ya tarehe 12 Machi. Na ukumbi ukawa mtupu! Bwana wa koti la kijani alishatoka. Nilipata jina moja, la pili, la tano, nikawa nazunguka na daftari namwomba kila aliyekuwa akikunja kiti. Mpaka nikabaki na nafasi moja.

Mama wa Bukavu alikuwa bado yupo, anasubiri usafiri mlangoni. "Andika jina yangu," akasema. Nikaandika, herufi moja moja, akisimamia kalamu. Kisha akauliza kama basi linafika huko siku ya Jumamosi.

Nikamwambia nitamfuata kwake saa moja asubuhi.