Nilivyobadilisha leva za klachi na breki (zile za kubana kwa mkono kwenye usukani) za pikipiki yangu Boxer nyumbani, na ile leva ya kwanza iliyonilaza saa sita

Ukiambiwa leva zote za pikipiki za Kihindi zinaingiliana, yaani ya pikipiki moja inafaa kwenye nyingine, usikubali. Mimi nilikubali na ikanila siku mbili na nauli ya kwenda mjini, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Ilikuwa masika haya, mwezi wa nne, huku kwetu Chanika mvua ikinyesha barabara ya mtaani inakuwa utelezi wa mfinyanzi mtupu. Natoka kazini jioni, tairi la mbele likakimbia, pikipiki ikalala kushoto. Goti likachubuka kidogo tu ila leva ya klachi ikakatika, kikabaki kipande cha kushika kwa vidole viwili. Na hicho hicho kilinifikisha nyumbani. Leva ya breki nayo ilikuwa imepinda tangu anguko la mwaka jana, inanifanya nitafute breki kwa vidole kila nikitaka kusimama, nikasema basi safari hii zinatoka zote mbili na nazitoa mwenyewe.

Sasa ushauri. Fundi wa kwanza akaniambia broo, hii ya breki tunainyoosha, elfu mbili tu. Mwingine akasema ile ya klachi inachomelewa. Jamani leva hizi ni aluminiamu ya kumimina, sio nondo. Ukiinyoosha inaweza kupasuka ndani kwa ndani na usione mpaka siku unaikamata kwa nguvu. Na siku hiyo ni lini? Ni siku mtoto amekatiza barabara. Breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki, uzito mwingi unakuja mbele ukikamata, halafu mtu anakwambia uinyooshe kwa nyundo juu ya jiwe!

Nikaenda duka la spea hapa karibu, klachi ya Boxer imeisha, muuzaji akanipa ya pikipiki nyingine, "chukua hii kaka, zinaingiliana, bolti ni ile ile." Elfu nne au tano pale. Na kweli bolti ilikuwa ile ile, ilipita bila shida, leva ikakaa vizuri kwenye kishikio, kile kipande kilichofungwa kwenye usukani kinachobeba leva, nyeusi, inapendeza. Nikavuta waya nikafunga, nikawasha, nikabana klachi mpaka ikagusa mpira wa usukani, nikatia gia ya kwanza. Pikipiki ikaruka mbele, ikazima.

Nikadhani waya umelegea. Nikafungua ajasta, ile skrubu ya kurekebisha waya, kidogo, nikajaribu, bado inajivuta. Nikafungua tena. Bado. Kutafuta frii, pale pikipiki haiko kwenye gia yoyote, ndio ikawa vita, inapita tu kwenda gia ya pili. Nikashuka kule chini kwenye injini waya unakoishia, nikakaza na kule mpaka leva ikawa haina nafasi hata kidogo, imekaza kama uzi wa upinde. Hapo gia ikaingia kwa shida nikafurahi, nikapanda nayo kile kilima cha nyuma ya nyumba, injini inalia lakini pikipiki haiendi, yaani klachi sasa inateleza. Ukikaza inateleza, ukilegeza haiachii. Saa tatu usiku kijana wangu wa darasa la sita ananishikia tochi ya simu, mke wangu anasema chakula kimepoa, mimi niko na spana namba 10 nazunguka kati ya usukani na injini. Ilifika saa sita nikaacha.

Asubuhi nikafanya kitu ambacho nakiona ni akili bora niliyotumia kwenye kazi yote hii. Nilichukua kile kipande cha leva ya zamani na ile mpya, nikaziweka moja juu ya nyingine nikapitisha bolti moja kwenye matundu yote mawili. Halafu nikaangalia lile tundu linalokaa kichwa cha waya. Hayalingani! Ile mpya tundu lake lilikuwa karibu zaidi na bolti, kama milimita 4 hivi. Unaweza kusema milimita 4 ni nini. Leva ni mzani, tundu la waya likisogea karibu na bolti waya unavutwa kidogo hata ukibana mpaka mwisho, kwa hiyo sahani za klachi haziachani vizuri. Hakuna ajasta duniani itakayorekebisha hiyo. Yaani usiku mzima nilikuwa nasahihisha kitu ambacho hakisahihishiki.

Basi nikapanda daladala mpaka Kariakoo, kipande cha zamani mfukoni na bolti yake. Duka la tatu ndio nikapata, na sikulipa mpaka nimepitisha bolti pale pale juu ya kaunta, muuzaji ananishangaa. Zote mbili, klachi na breki, elfu kumi na kitu.

Kufunga sasa ilikuwa nusu saa, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa ni kwa sababu nilikuwa nafurahia. Watu wengi wanahangaika kutoa waya, wanauvuta kwa plaizi mpaka nyuzi zinachanika. Angalia vizuri ile ajasta na nati yake ya kufungia, zote zina mfereji mwembamba uliokatwa ubavuni, na kishikio chenyewe kina mfereji pia. Ukizungusha mpaka mifereji yote mitatu ikae mstari mmoja, waya unatoka wenyewe kwa pembeni, taratibu kama uzi unatoka kwenye sindano. Ukimaliza kurudisha usisahau kuzungusha ajasta ili mifereji iachane, la sivyo waya utachomoka ukiwa barabarani. Kama waya umekaza sana legeza kwanza kule chini kwenye injini. Waya wangu ulikuwa na nyuzi mbili zimekatika karibu na kichwa, nikabadilisha na wenyewe, sio wa kusubiri huo.

Ile bolti ya leva paka grisi kidogo, na usiikaze kwa hasira. Unakaza mpaka leva inacheza bila kuyumba, halafu unaishikilia na bisibisi juu huku unakaza nati ya chini. Ukizidisha leva inabana hairudi, na ya breki isiporudi unatembea breki imekamata na dramu, lile bakuli la breki katikati ya tairi, inachemka.

Upande wa breki Boxer yangu mbele ni dramu inayovutwa kwa waya, kwa hiyo hakuna mambo ya kutoa upepo kwenye mafuta ya breki, shukrani kwa hilo. Lakini kuna kile kiswichi kidogo cha taa ya breki ya nyuma. Leva ikiwa imeachiwa inakibonyeza na taa inazima, ukikamata inakiachia taa inawaka. Angalia kijana asimame nyuma akuambie. Yangu mara ya kwanza ilibaki inawaka muda wote kwa sababu kiswichi kilikuwa hakijakaa sawa kwenye tundu lake, nikakitoa nikakirudisha, ikaisha.

Kabla ya kuondoka nilisimamisha kwenye stendi kubwa injini imezimwa, gia ya kwanza, nikabana klachi, kijana akazungusha tairi la nyuma kwa mkono. Likazunguka. Ile sauti ya tairi likizunguka niliisikia vizuri sana. Nikaacha nafasi kama milimita 2 au 3 pale leva inapokutana na kishikio, nikawasha, nikapinda usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho kuona waya hauvutiki.

Na kitu kimoja nilichofundishwa na jirani yangu dereva boda, huyu ushauri wake ulikuwa wa kweli: vile vishikio kwenye usukani usivikaze mpaka mwisho. Kaza viwe imara kwa mkono, lakini ukivipiga kwa nguvu vizunguke. Ukianguka leva inageuka badala ya kukatika.

Juzi alikuja yeye mwenyewe, leva yake ya breki imekatika, ameshika mpya kutoka lile lile duka la karibu. Kabla hajakaa nikamuomba bolti.