Kengele iliyoipa Kengeleni jina lake

Kwa miaka mingi nimekuwa nikishuka matatu pale Kengeleni, Mombasa, kondakta akigonga bodi na kuliita jina hilo, bila kujiuliza ni kengele gani inayotajwa. Jumamosi iliyopita nilisimama penye mnara wake pamoja na bibi yangu. Huku ameuegemeza mkono ukutani, alinieleza kwamba kijiji cha Freretown kilianzishwa na wamishenari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la kimishenari la Kianglikana la Uingereza) mwaka 1875, miaka 2 baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na kwamba watu waliookolewa majahazini walipewa makao hapo. Kengele haikuwa ya kuita watu ibadani tu. Ilipigwa pia kuwatahadharisha wanakijiji kwamba watekaji wanakaribia. Nilimfikiria mama aliyekwisha kuuzwa mara moja, akiisikia usiku na kumkumbatia mwanawe, nikashindwa kuyazuia machozi. Inaniuma kwamba nilisoma karibu na hapo na hatukuwahi kufundishwa habari hizi. Bibi hakutaka tuondoke upesi. Aliomba nimpige picha akiwa amesimama pale pale, kanga yake ameitengeneza vizuri kichwani.