Mkate wa Mayai wa Saa Kumi

Tanga, Jumapili usiku

Mayai manane ya kuku wa kienyeji, glasi moja ya sukari, glasi moja ya unga wa ngano, iliki. Basi. Bibi alipomaliza kunitajia hayo asubuhi nilibaki nimeshika kalamu nikimngoja aendelee, naye akawa ananingoja mimi niinuke.

"Na hamira, Bibi?"

"Hamira ya nini, unapika maandazi?"

"Siagi je?"

"Siagi utapaka kwenye mkate wa dukani."

Niko likizo, wiki mbili, nimetoka Dodoma. Huko nilishaujaribu mkate huu mara mbili kwenye oveni ya umeme. Wa kwanza ulitoka bapa kama chapati. Wa pili uliumuka vizuri mno, nikashindwa kujizuia, nikafungua mlango wa oveni nichungulie, ukanywea palepale huku nautazama. Niliula peke yangu usiku ule bila kumwambia mtu. Kwa hiyo safari hii nimekuja kwa mwenye mkate wake, huku Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, nikiwa na daftari kabisa.

Macho ya Bibi yameanza kuingia mtoto wa jicho. Hapiki tena vitu vya moto mkali, ila amri anatoa. Aliweka kigoda chake uani chini ya mwembe, akawatangazia waliokuwa wakipita: "Leo mume wangu ananipikia. Wake wenzangu wa Dodoma wakisikia watakufa kwa wivu." Nina miaka thelathini na nne na bado utani huu unanifanya niangalie chini.

Saa sita umeme ukakatika. Nilikuwa nimeazima mashine ya keki kwa shangazi, imekaa pale mezani na waya wake, haina kazi. Bibi hakusikitika hata kidogo. Akaagiza mchapo wa waya na bakuli kubwa la bati, na mayai yaliyokuwa yamekaa kwenye kikapu tangu jana, yana joto la nyumba. Hapo nikakumbuka kwamba Dodoma mayai yangu nilikuwa nayatoa kwenye friji na kuyapasua papo hapo. Yai la baridi haliumuki vizuri.

Sasa sikilizeni habari ya kupiga mayai. Watu husema "piga mpaka yaumuke" kama vile ni jambo la kuvuta pumzi mbili. Nilianza saa saba na nusu. Mwanzo ni maji ya rangi ya machungwa yenye sukari inayokwaruza chini ya bakuli. Baadaye sukari inakwisha, rangi inaanza kufifia, povu linakuwa jepesi lenye mapovu makubwa, na hapo ndipo mgeni kama mimi hudhani amefika. Bibi haoni vizuri lakini anasikia. "Bado. Nasikia maji." Nikapiga. Mkono wa kulia ukachoka nikahamia wa kushoto, akasema wa kushoto unapiga kivivu, nikarudi wa kulia. Sauti kweli ilibadilika. Ule mchapwo wa majimaji ukawa mzito, wa chini, kama mtu anayetembea kwenye mchanga mbichi. Mayai yakapanda karibu mara tatu ya yalivyoanza na yakawa na rangi ya maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana.

"Inua mchapo, andika alif."

Bibi alisoma chuoni, chuo cha Kurani, siyo shule, na kipimo chake ni cha huko: alif na be, herufi mbili za kwanza za Kiarabu. Unainua mchapo, unaacha uzi wa povu uanguke juu ya bakuli, unachora alif. Ikizama, endelea kupiga. Ikibaki imesimama mpaka umeichorea be pembeni yake, unga unaweza kuingia. Alif yangu ya kwanza ilizama. Ya pili ilizama nusu. Ya tatu ilisimama, nikachora be, na nukta nikaiweka kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nimepiga dakika arobaini na tano.

Nimefikiri sana juu ya kipimo hicho, kwa sababu mkate huu hauna kitu kingine cha kuuinua. Kinachouinua ni hewa iliyonaswa ndani ya mayai. Moto unaitanua, mkate unapanda, kisha yai linaiva na kukaza kuta zake. Ukifungua kabla kuta hazijakaza, hewa inapoa, inasinyaa, na mkate unakwenda nayo. Ndiyo maiti niliyoila Dodoma. Bibi ana maelezo yake: "Mkate una haya. Ukiuchungulia uchi, unajikunyata."

Unga ulichekechwa kwanza, ndipo ukapimwa. Kosa langu jingine hilo: mimi nilikuwa nachota kwenye mfuko na kuushindilia glasini, nikidhani glasi ni glasi. Ukaingia kwa mafungu matatu, kwa mkono wazi, kutoka chini kuja juu, polepole. "Usiupige tena. Umeshapigwa wa kutosha."

Iliki tuliinunua Muheza tulipopita Ijumaa, ni ya kule Amani, milimani, wanakoilima kivulini chini ya miti mikubwa ya msitu. Bibi aliitoa maganda, akaitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo pamoja na kijiko cha sukari ili isagike laini. Iliki ya unga ya dukani haitaki hata kuisikia. Anasema inasagwa na maganda na miguu ya mwenye duka. Maganda ya ndimu kidogo nayo yalikwaruzwa humo, kukata shombo ya mayai.

Kuhusu moto sina mengi, kwa sababu nilimwachia yeye, na yeye alitumia kiganja. Sufuria ilipakwa samli na kupashwa. Chini ya sufuria, kwenye seredani, makaa machache yaliyokwisha kuvaa majivu. Juu ya mfuniko ndiko tulikopalia makaa mengi, mekundu. Dodoma kila mtu aliniambia niwashe oveni chini, na mimi nikatii.

Kisha tukakaa. Nilinyoosha mkono mara moja kuelekea mfuniko, akanipiga kwa kipepeo bila hata kugeuza kichwa. Alikuwa akinusa. Baada ya muda akasema, "Hiyo ni sukari." Baadaye, "Sasa yai." Nikauliza kama nifunue. "Nimesema ni yai, sijasema ni mkate." Karibu nusu saa ikapita ndipo akasema, "Haya." Kijiti cha chelewa kilitoka kikavu.

"Rangi yake?"

"Kama dhahabu, Bibi."

Akanyamaza. Bibi akinyamaza mtu husema ukweli.

"Upande mmoja umeungua kidogo. Kaa moja lilikuwa kubwa."

"Huo ndio wangu."

Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita, tulikuwa tumeshaswali. Jirani, mama wa nyumba ya pili, aliletwa na harufu akiwa na chupa yake ya chai ya maziwa yenye tangawizi, maana anajua sisi kwetu ni chai ya rangi na mchaichai tu. Mwanawe mdogo alivyouona mkate akauliza siku ya kuzaliwa ni ya nani. Bibi akacheka mpaka akafuta macho. Na kweli, keki siku hizi ni ile yenye krimu na jina la mtu juu yake, inayopigwa picha kabla ya kukatwa. Sisi watu wa pwani hata kitu kitamu namna hii tumekiita mkate, tukakiweka pamoja na mkate wa ufuta, mkate wa mofa na mkate wa kumimina. Nadhani ni kwa sababu hauhitaji mwenye sherehe. Unahitaji saa kumi tu, na birika.

Ulikuwa mwepesi ndani, mkavu kiasi cha kuomba chai, juu umepasuka ufa mmoja mrefu. Nilikula vipande vinne. Bibi alikula upande wake ulioungua, akauchovya kwenye chai, akasema sukari ningeweza kupunguza kidole kimoja. Hakusema ni mzuri. Ila kipande cha mwisho alikifunga kwenye kitambaa akakitia kwenye mkebe wake, ule ambao hata wajukuu wadogo hawaruhusiwi kuugusa.

Alhamisi narudi Dodoma. Magharibi, umeme uliporudi, nilikuwa naosha vyombo nikaishika ile glasi ya kupimia, yenye mistari myekundu, iliyobaki peke yake katika seti ya sita. Nikamwomba nisafiri nayo.

Kakataa. "Hiyo yangu. Kanunue yako, uizoee."