Aduana, kochi na diwani wa kata

Wiki hii neno lililonikaa kichwani ni la Kihispania: aduana. Ndiyo forodha yao, pale mzigo unapokaguliwa na ushuru ukalipwa. Kihispania kimejaa maneno ya Kiarabu yaliyoingia pamoja na al- yake, kile kijineno kinachotangulia nomino za Kiarabu: azúcar ni sukari, algodón ni pamba. Mbele ya d, al- hiyo hutamkwa ad-. Ukiivua, anayebaki ni diwani. Diwani huyuhuyu wetu!

Asili yake ni Kiajemi, na kwanza lilihusu maandishi na daftari. Katika karne ya 7 khalifa Umar bin al-Khattab alianzisha diwani ya majina ya askari na posho zao. Baadaye hata ofisi ya makarani ikaitwa hivyo. Mwanahistoria Ibn Khaldun anasimulia kwamba Kisra, mfalme wa Waajemi, aliwaona makarani wake wakipiga hesabu huku wakijisemesha, akawaita wendawazimu, "diwane". Hiyo ni hadithi tu, lakini aliyewahi kumwona mhasibu mwisho wa mwezi hatacheka sana.

Huko Andalusia, Hispania ya enzi ya Waislamu, jina likagandia kwenye ofisi ya kutoza bidhaa. Wafaransa nao wanasema douane, Waitaliano dogana.

Waingereza walikuja kulipokea kwa njia ya Waturuki. Baraza la mawaziri wa Dola ya Uthmaniya, lililokutana katika kasri la Topkapı, Istanbul, liliitwa Divan, na wakubwa walikaa kwenye viti virefu vya mito vilivyopangwa ukutani. Baraza likavipa viti jina lake. Ndiyo maana divan ya Kiingereza leo ni kochi lisilo na egemeo. Mtu wa Madrid analipia mzigo, wa London anajinyoosha, na neno ni moja.

Kwetu limepata bahati zaidi, naona. Kabla ya kata na kura, watawala wa miji ya Mrima, pwani ya bara inayoelekea Unguja, waliitwa madiwani. Tena tuna diwani ya mashairi, maana Waarabu na Waajemi waliliita hivyo kusanyo la tungo za mshairi. Anayekusanya kodi na anayekusanya beti, wote walihitaji daftari.

Kwa kazi ya aduana sisi tulichukua neno jingine la Kiarabu, furda, mahali pa kushushia mizigo, tukapata forodha. Wanaokula urojo na pweza usiku pale Forodhani, Unguja, wanakula penye jina la ushuru.