Siku ya Mechi, Faza hadi Amu: Siku Moja Maishani Mwangu Nikiwa Nahodha

Saa 9:30 usiku. Nikiamka, kabla ya kunawa uso hutoka nje kuangalia maji. Leo ni mwezi pili kwa mwandamo, bamvua limeingia, yale maji ya kujaa sana na kupwa sana, na hilo peke yake lanitosha: maji yatajaa saa 10 na robo alfajiri, yatapwa hadi chini saa 4 na nusu asubuhi, kisha yajae tena saa 11 kasorobo jioni. Kesho yatachelewa kiasi cha dakika 50, keshokutwa vivyo hivyo, hadi wiki ijayo yawe kinyume kabisa na leo. Wenzetu wa Mombasa na Nairobi wakitaka kwenda uwanjani huuliza gari linaondoka saa ngapi. Sisi wa visiwa vya Lamu huuliza kwanza maji ni ya saa ngapi.

Mimi ni nahodha wa boti la abiria linalotoka Faza, kisiwani Pate, kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, na kurudi. Huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye usukani. Siku nyingine hubeba wagonjwa, wanafunzi, akina mama wa biashara na magunia yao. Jumamosi kama hii hubeba timu, na usiku wa kuamkia siku ya timu usingizi hauniji vizuri. Leo ni robo fainali, uwanja wa Twaif mjini Amu, saa 10 jioni.

Saa 10:30 niko gatini. Baharia wangu, ambaye ni mtoto wa dada yangu, amenitangulia na ameshafua maji yaliyoingia usiku kwa ule mtungi wa plastiki tuliouchana ubavu. Chombo cha mbao hata ukikikalafati vipi hunywa maji kidogo. Natia petroli, kisha nawasha mashini zote mbili, ile kubwa na ile ndogo ya akiba. Hii ndogo huiwasha kila siku, niwe na haja nayo nisiwe nayo. Nimeona vyombo ambavyo mashini ya akiba ilikuwa akiba kwa jina tu, na watu wakakesha baharini.

Baada ya sala ya alfajiri vijana wanateremka gatini kutoka msikitini moja kwa moja, viatu vya mpira vimefungwa kamba na kutundikwa shingoni, jezi ziko ndani ya gunia la nailoni. Kocha wao husomesha madrasa, kwa hiyo sote twamwita maalim. Anawahesabu mmoja mmoja: wachezaji 18. Hapandi mtu bila jaketi ya kuokolea maisha, na afunge kamba zote tatu.

"Ami, hii yanibana."

"Ikubane. Ukifika Amu utaivua."

Nawapanga mwenyewe. Wazito hukaa kati, mizigo huwa chini, na omo, mbele ya chombo, huwa tupu. Vijana hupenda kukaa omo kwa sababu ya upepo, lakini upepo wa Kusi haujalegea bado na mawimbi hurusha maji huko. Mchezaji aliyelowa kwa muda wa saa mbili na nusu hushuka misuli imemkaza. Aliyekaa amekunja magoti muda wote huo naye hufika na miguu ya mzee. Kwa hiyo huwaambia wabadilishane: nusu saa umekunja, nusu saa umenyoosha. Kufundisha mpira ni kazi ya maalim. Kazi yangu ni kuifikisha miguu yao uwanjani ikiwa kavu na ina damu.

Saa 11:20 tunaondoka.

Saa 12:20 tuko Mtangawanda. Hapa ndipo wanapopandia watu wa Pate na Siyu, wengi wao wameletwa na bodaboda gizani. Anapanda bibi mmoja anayekwenda hospitali, nampa nafasi karibu nami kwenye tezi, nyuma ya chombo, ambapo chombo hakirukiruki. Wanapanda na mashabiki, na miongoni mwao yuko kijana ambaye kila safari ya mpira lazima asimulie alivyokwenda uwanja wa Kasarani, Nairobi, Agosti 2025, siku Kenya ilipoifunga Morocco 1-0 kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani. Sichoki kumsikiliza. Boti hadi Amu, boti jingine hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, treni hadi Syokimau, halafu matatu mbili na mwendo wa miguu kutoka barabara ya Thika, katikati ya watu wengi kuliko aliowahi kuwaona maishani. Siku mbili njiani kwa ajili ya dakika 90. Na Morocco hao hao ndio waliokuja kulichukua kombe.

Vijana wakamuuliza habari za AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, ile itakayochezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Mmoja akanigeukia: "Ami, utatupeleka?" Nikamjibu kweli: nitawafikisha Amu, na nitawachagulia siku yenye maji.

Jua likachomoza tukiwa katikati ya ghuba ya Manda. Upande wa kulia zinaonekana winchi za bandari mpya ya Lamu, ile ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021. Meli kubwa zina kina chao kilichochimbwa. Sisi tunaelekea kwenye kina chetu, na kina chetu ni Mkanda.

Asiyeujua Mkanda nimweleze. Ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko imesimama pande zote mbili kama kuta. Maji yakijaa, unapita na kufika Amu umekauka. Yakipwa, kinachobaki ni tope na mifereji isiyoweza kulibeba boti lenye watu. Njia nyingine ni kuzunguka nje ya Manda kwa bahari kuu, na wakati wa Kusi, nikiwa na watoto wa watu ndani, njia hiyo siipiti.

Saa 1 tunaingia. Tangu maji yajae yamepita karibu saa tatu kasorobo. Mizizi ya mikoko imeanza kuonekana, na alama ya unyevu kwenye mashina iko juu ya maji kiasi cha kimo cha mtoto. Napunguza mashini. Mpwa wangu anasimama omo na pondo, ule mti mrefu wa kupimia kina, anachoma chini, anainua, anaangalia pondo limelowa hadi wapi. Hasemi neno. Ananionyesha kwa mkono tu, kulia kidogo, sasa kushoto, sasa nyoosha. Boti zima hunyamaza hapa, hata yule wa Kasarani.

Na mimi hapa hukumbuka. Miaka mitatu iliyopita, siku ya bamvua kama leo, waandaaji wa mashindano fulani walibadilisha saa ya mechi yetu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ilikuwa saa 10 jioni, wakaifanya saa 5 asubuhi. Habari ilitufikia alfajiri, na mpaka vijana wote walipokusanyika ilikuwa saa 12 na nusu. Nilijua Mkanda hautapitika. Lakini maalim alinitazama, vijana wakanitazama, nikasema tujaribu. Saa 2 na robo tukakaa juu ya fungu la tope. Tulipwelewa pale hadi saa 7 mchana. Saa 5 na nusu simu ikaingia: wenzetu wamepewa ushindi wa mezani, pointi 3.

Kipa wetu alikuwa na miaka 16. Alivaa glavu zake asubuhi gatini na hakuzivua muda wote ule tuliokaa kwenye tope. Maji yaliporudi na chombo kikainuka, aliinama ubavuni akaziosha polepole, kidole kwa kidole, na hazikuwa na uchafu wowote. Yule kijana ndiye kipa wetu leo pia, amekaa pale kati, macho kwenye pondo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisema kwa kila anayepanga mashindano: jedwali la maji huchapishwa kila mwaka, saa na dakika, kujaa na kupwa. Liweke mezani pale unapoandika ratiba. Timu ya Amu mjini hutembea robo saa hadi uwanjani. Timu ya Faza, ya Kizingitini, ya Siyu, hupita Mkanda. Ukipanga saa bila kuangalia maji, umeshamfunga mmoja kabla mpira haujawekwa katikati.

Saa 2 kasorobo tunafunga kamba kwenye gati la Amu. Bibi nimemshika mkono mpaka ngazi ya juu. Vijana wanakwenda kupumzika kwa jamaa zao mtaa wa Langoni, mimi na mpwa wangu tunakula mahamri na mbaazi, kisha tunalitoa boti nje kulitia nanga lisije likakaa chini. Saa 4 na nusu pwani yote imebaki mchanga na majahazi yamelala ubavu. Nalala. Saa 8 maji yamerudi, tunapakia mizigo ya kurudi: unga, mchele, sabuni, magodoro mawili ya maharusi. Hamali mmoja alitaka kuniongezea katoni 20 za vinywaji. Nikazikataa, maana uzito huo ndio utakaogusa chini Mkanda jioni.

Baada ya alasiri tunakwenda Twaif, kwa miguu. Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote katika siku nzima. Amu mjini hakuna matatu wala basi la timu. Mitaa yetu ilijengwa kwa kipimo cha watu na punda, na punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kungoja. Kwa hiyo timu hupita kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, ikitoka Mkunguni mbele ya Ngome na kupanda ndani ya mji. Akatokea punda na magunia ya mchanga, timu nzima ikajibana ukutani, jezi zikapakaa chokaa mgongoni. Wazee wa barazani wakawasalimu: "Faza, mumefika salama? Maji yalikuwaje?" Wanauliza maji kabla ya kuuliza mpira, kwa sababu ni watu wa visiwani kama sisi. Watoto wakawapokea mifuko, akina mama wakafungua madirisha ya juu. Mpaka unafika uwanjani mji wote umekuona usoni. Hakuna basi lenye vioo vyeusi linaloweza kukupa hilo.

Saa 10:05 mpira ulianza. Wenyeji walipata bao mapema kwa kona, sisi tukasawazisha kipindi cha pili kwa shuti la mbali ambalo kipa wao aliligusa na lisizuilike. 1-1. Saa 12 kasoro dakika 10 mwamuzi akapuliza, na kanuni ya mashindano haya ni penalti moja kwa moja.

Nilisimama pale kwa muda wa pumzi mbili. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa tangu saa 11 kasorobo. Nikamwambia maalim, "Mwisho saa 12 na nusu, kamba naifungua," nikageuka nikaondoka. Mpwa wangu nilimwachia abaki atazame.

Kwa hiyo penalti sikuziona. Nilizisikia. Niko ndani ya boti, mashini inanguruma polepole, na kutoka nyuma ya mapaa ya mji zinakuja kelele, moja, kimya, nyingine, kimya. Sikuweza kujua ni za nani, kwa sababu anayefunga hushangiliwa na wake na anayekosa hushangiliwa na wa mwenzake. Nilihesabu kelele nane. Baada ya ya nane kukawa na kimya kirefu, kisha kelele ambayo haikukatika. Adhana ya magharibi ikaja juu yake, na mji ukatulia.

Nikaswali pale pale gatini. Nilipotoa salamu niliwaona wanateremka mbio kutoka kichochoroni, viatu mkononi, na wa mbele kabisa ni mpwa wangu. "Mjomba! Wa nne wao kagonga mwamba! Kipa karuka upande mwingine kabisa, mwamba ndio uliotuokoa!" Kipa mwenyewe alikuja wa mwisho, akitembea, akachukua jaketi yake akaivaa bila kuambiwa.

Saa 12:35 kamba zikafunguliwa. Saa 1:10 Mkanda, giza linaingia, tochi moja omo na pondo chini. Mara moja tuligusa, mguso wa tope laini, nikazima mashini, vijana wanne wakahamia upande wa pili bila kelele na chombo kikateleza. Baada ya hapo ghuba, nyota, na nyimbo.

Saa 2 kasoro dakika 10 tuko Mtangawanda. Usiku sivuki hapo kwenda Faza na abiria, hilo nimejiwekea. Taa za bodaboda zilikuwa zimepangana zinatungoja, na vijana wakapanda wawili wawili, wakapotea kuelekea Siyu, njia ya Faza. Mpwa wangu atalala chomboni.

Mimi nikakaa ukingoni mwa gati nikahesabu kwa vidole. Jumamosi ijayo ni nusu fainali, ratiba inasema saa 10 jioni. Itakuwa mwezi tisa, maji mafu. Yatajaa kama saa 4 asubuhi, na saa 10 jioni ndiyo yatakuwa chini. Hayapwi sana maji mafu, lakini boti lenye watu 30 halitapita Mkanda kwa raha wakati wa kurudi. Wakianza saa 3 asubuhi, sisi twaondoka Faza saa 11 na nusu maji yakipanda, na saa 5 na robo tunarudi yangali yamejaa.

Nikampigia mwandaaji. Akanisikiliza, akasema ratiba imeshachapishwa. Nikamsomea saa zote, moja baada ya nyingine, akaziandika, nilisikia kalamu. Akasema atazungumza na wenzake na kesho atanipigia.

Nikamwambia apige saa yoyote, kesho maji yatajaa saa 11 na dakika 5 na mimi nitakuwa macho.